Gonga Mara Mbili, Twende: Akili ya Programa Barabarani

Jumanne moja ya Januari simu yangu iliniambia nitafika kliniki kwa dakika 34. Mzee alikuwa ameketi kushoto kwangu, mkono wake wa kushoto umelala juu ya paja kama mzigo wa mtu mwingine. Hakuangalia simu. Aliangalia mawingu, akaangalia barabara, akasema, "Mama, usiingie Jogoo Road. Shule zinafunguliwa leo na usiku kulinyesha. Zungukia nyuma."

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Nilimsikia, lakini mimi nilikuwa na data. Nikaingia Jogoo Road. Tulifika baada ya saa moja na dakika 25, nafasi yetu ameshapewa mgonjwa mwingine, na mzee hakusema neno. Hilo ndilo liliniuma. Angenigombeza ningepata pa kujitetea.

Huyu ni mtu aliyeendesha matatu kwa miaka 19, mpaka kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa gia. Mimi ni mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta kwa miaka miwili na nusu, kisha kiharusi hicho hicho kikala karo. Sikuhitimu. Siku hizi naandika makala za kulipwa kwa neno, na usiku fulani fulani naendesha Vitz ya mjomba kama teksi ya simu. Kwa hiyo swali la nani anajua barabara, programa au dereva, kwetu si la kupitisha wakati. Linakaa viti viwili vya mbele vya gari moja.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma kitabu ambacho karibu kila mtu niliyesoma naye amewahi kunisukumia: Algorithms to Live By, cha Brian Christian na Tom Griffiths, kilichotoka mwaka 2016. Wa kwanza ni mwandishi, wa pili ni mwanasaikolojia anayechunguza akili ya binadamu kwa hesabu za kompyuta. Hoja yao ni nyepesi kuelewa. Maisha yametujazia maswali ambayo kompyuta nazo hukumbana nayo: utafute mpaka lini ndipo uamue, ukumbuke nini na usahau nini, ujaribu kipya au urudie unachokijua. Watu wa kompyuta wametafuta majibu kwa miaka mingi, basi tuyaazime tukaishi nayo.

Marafiki zangu wameazima kweli. Kuna mmoja anayefanya kazi Westlands ambaye kwa miezi mitatu aliandika kila jioni ametoka ofisini saa ngapi na amefika nyumbani saa ngapi. Akagundua kwamba akitoka saa kumi na moja na dakika 40 au akitoka saa moja kasorobo, anafika karibu wakati ule ule. Sasa hiyo saa nzima anakaa mezani anasoma riwaya. Unaweza kumcheka, lakini wewe uko kwenye mathree umekunja magoti, na yeye amemaliza sura tatu.

Nataka kukikosoa kitabu hiki, ila kwanza nikitendee haki, na nikitendee haki hicho chuo nilichokiacha. Kuna tabia za kiakili nilizozipata pale ambazo sijazirudisha.

Ya kwanza ni kusaka kosa kwa utaratibu. Vitz ilipoanza kuzima ovyo kwenye matuta, fundi alitaka kubadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta kwa mpigo. Nikamwambia tubadilishe kitu kimoja, tuendeshe, tuone. Alinitazama kama mtu anayetafuta vita. Kabla hatujanunua chochote nikamwomba tuanze na kile cha bei ya chini zaidi, yaani kukaza waya. Ilikuwa kichwa cha betri kimelegea. Ukibadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja na gari likapona, umelipia vitatu na bado hujui ulikuwa unaumwa na nini.

Ya pili ni kutoamini unachoambiwa. Programa anayejua kazi yake huandika msimbo (tusiuite kodi, kodi ni ya landilodi) akidhani kwamba mtu ataandika jina lake mahali pa namba ya simu. Ukibeba tabia hiyo Outering Road utaishi. Taa ya matatu inayowaka kulia inaweza kuwa na maana kwamba anaenda kulia, au kwamba alienda kulia jana akasahau kuizima. Mwalimu wangu wa udereva, aliyekuwa akisukuma vigari vidogo juu ya ule ubao wa mji wa kuchezea, hakuwahi kunifundisha hilo. Pale kwenye ubao magari yote yalikuwa na heshima.

Ya tatu naipenda kuliko zote. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha makala iliyoweka msingi wa TCP, ile kanuni inayoziwezesha kompyuta mbili kuongea kupitia mtandao usioaminika. Kiini chake ni kuitikia. Nikikutumia kipande cha ujumbe, lazima uniambie umekipata. Nikikosa jibu, nahesabu kwamba kimepotea njiani, natuma tena. Oktoba 1986 mtandao ulipata jam ya kihistoria: kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, umbali wa mita kama 400 tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Dawa aliyoieleza Van Jacobson mwaka 1988 ilikuwa adabu. Anza polepole, ongeza kidogo kidogo, na ukiona vipande vinapotea, punguza mara moja tena kwa kiasi kikubwa. Usidhani kwamba kwa sababu una haraka, barabara ni yako.

Nilipomsimulia mzee haya alicheka. "Kwani makanga hufanya nini?" Ni kweli. Dereva wa matatu haoni mlango vizuri. Makanga akigonga bodi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, twende. Ujumbe umefika, endelea. Jogoo Road walikuwa na kanuni yao ya kuitikia na hakuna aliyeiandikia makala.

Halafu mzee akaongeza kitu ambacho kimenisumbua mpaka nikaamua kuandika haya. Alisema makanga akiwa mpya, wiki nzima ya kwanza hakuwa anaamini kugonga kwake. Alikuwa anasikia mara mbili, anaangalia kioo cha pembeni, ndipo anaachia klachi. Kwa sababu makanga mgeni ana haraka ya kumfurahisha dereva, na anaweza kugonga mbili mama mjamzito akiwa bado na mguu mmoja chini. Baada ya wiki, kama kijana ni wa kuaminika, mzee aliacha kuangalia. Sauti ilikuwa ile ile, mbili. Kilichobadilika ni kwamba sasa alimjua anayegonga.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kitabu unapoanzia. Christian na Griffiths wanajua sana kuhusu ujumbe. Wanajua kidogo kuhusu nani anayegonga.

Chukua sura yao ya kwanza, maarufu kuliko zote, kuhusu lini uache kutafuta. Unatafuta nyumba. Kila unayoiona lazima uikubali au uiache hapo hapo. Hesabu inasema tumia asilimia 37 ya muda wako kuangalia tu bila kuchukua, halafu uchukue ya kwanza inayozishinda zote ulizoziona. Ni hesabu safi na nimeifanya mwenyewe kwenye karatasi. Mwaka juzi niliijaribu nikitafuta bedsita Kasarani na Roysambu. Nilijipa siku kumi. Siku tatu na kitu niliangalia tu. Siku ya nne nikaipata ile inayozishinda zote: maji kila siku, dirisha linalotazama mti na si ukuta. Nikasema naichukua. Keyateka akaniuliza, "Unafanya kazi wapi?" Nikasema naandika. "Unaandika wapi?" Nikasema nyumbani. Akasema ataniambia jioni. Jioni ile bado sijaiona.

Nisiwaonee waandishi: hilo la kukataliwa wamelifikiria. Wanasema kama kuna uwezekano wa nusu kwa nusu wa kukataliwa, anza kuomba mapema zaidi, baada ya robo ya muda wako. Lakini angalia kukataliwa kunavyoingia katika hesabu hiyo: kama sarafu inayorushwa, sawa kwa kila mtu, kama mvua. Keyateka hakurusha sarafu. Aliniangalia mimi, msichana peke yake bila barua ya mwajiri, akafanya hesabu yake. Katika mtihani ule kulikuwa na watu wawili wenye akili, na kitabu kilimhesabu mmoja. Huyo mwingine amewekwa kwenye kundi moja na hali ya hewa.

Twende barabarani kwenyewe. Kuna sehemu kuhusu madereva wabinafsi, na matokeo yanayotajwa ni ya Tim Roughgarden na Éva Tardos, yaliyochapishwa mwaka 2002. Walijiuliza: kila dereva akichagua njia inayomfaa yeye peke yake, safari zitakuwa mbaya kiasi gani kuliko kama mtu mmoja mwenye hekima angewapangia wote? Jibu lao, pale ambapo ucheleweshaji unaongezeka kwa mstari mnyoofu kadiri magari yanavyoongezeka, ni kwamba haiwezi kuzidi theluthi moja zaidi. Kitabu kinaipokea habari hii kwa faraja. Ubinafsi si ghali sana, ndugu zangu.

Nilisoma ukurasa huo Pangani, gari limezimwa, watu wameshuka wananunua karanga. Kuna mambo mawili. Moja ni la kihesabu: sharti hilo la mstari mnyoofu ni muhimu, maana pale ambapo barabara ikikaribia kujaa ucheleweshaji unapaa ghafla, hiyo theluthi haikulindi tena, na hasara inaweza kupanda bila kikomo. La pili ni la Nairobi. Katika hesabu ile dereva huchagua kati ya barabara zilizopo. Dereva wetu huunda barabara. Anapanda kando, anavuka ukingo, anaingia upande wa wanaokuja. Tuna jina la tabia hiyo, kuovalapu, na kila mkazi wa jiji hili ameshaiona ikibadilisha barabara mbili kuwa nne, na nne zote zikasimama. Hakuna namba ya kulipima hilo, kwa sababu anayelifanya hachagui njia. Anapima wengine watanyamaza kiasi gani.

Na wakati mwingine anapima kwa kuangalia aliye kwenye usukani. Nimeendesha Vitz hiyo mzee akiwa pembeni, na nimeiendesha peke yangu. Wanaochomeka pua mbele yangu nikiwa peke yangu ni wengi zaidi. Sina jedwali kama la rafiki yangu wa Westlands, lakini ninayo breki, na breki haisahau.

Hili la usukani linanipeleka kwa Dijkstra. Mwaka 1956 Edsger Dijkstra, kijana wa Uholanzi, alikuwa mkahawani Amsterdam na mchumba wake, wamechoka baada ya kuzunguka madukani, akabuni kichwani kwa dakika kama 20, bila karatasi, namna ya kupata njia fupi kati ya miji miwili. Aliichapisha mwaka 1959. Mpaka leo wazo lile limo ndani ya ramani nyingi za simu, likiwa limeongezewa mapambo. Naliheshimu kama watu wanavyoheshimu jengo zuri. Kila barabara inapewa uzito, yaani gharama, na algoriti inatafuta mkusanyiko mdogo kabisa wa gharama.

Swali ni nani anaandika uzito huo. Usiku mmoja saa tano nilimshusha abiria ndani ndani huko Embakasi, na simu ikanionyesha njia ya kutoka: kona ya kushoto, moja kwa moja, dakika nne. Nilifika kwenye hiyo kona. Taa za barabarani hazikuwaka, na vijana watano walikuwa wamesimama pale bila kufanya kitu. Pengine walikuwa wanapiga stori tu. Nikarudi nyuma nikazunguka dakika kumi na tano kupitia barabara kubwa. Simu ilihangaika njia nzima, geuza gari, geuza gari. Programu ilinihesabia dakika 11 za hasara, na abiria aliyekuwa akinisubiri akaghairi. Dijkstra hakukosea. Algoriti yake ingeweza kubeba woga wangu kama uzito, vizuri kabisa, kama kuna mtu angeuliza. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyeandika gharama za barabara ile hajawahi kuiendesha saa tano akiwa mimi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba akili ya programa ni baridi mno kwa maisha. Ubaridi si tatizo. Hesabu ya mzee nayo ni baridi: shule zinafunguliwa, kulinyesha, zungukia nyuma. Ramani inayajua magari yaliyoko barabarani na mazoea ya wiki zilizopita. Yeye anayajua magari ambayo bado yako getini, mama anatafuta soksi ya mtoto. Tofauti ni kile kinachoruhusiwa kuingia kwenye hesabu.

Na kuna mfano wa hapa hapa nyumbani unaoonyesha kwamba mlango huo unaweza kufunguliwa. Mwaka 2005 Google na shirika la usafiri la Portland, Marekani, walitengeneza mpangilio wa data za mabasi ambao leo dunia nzima inautumia. Mpangilio ule ulidhani kwamba basi lina ratiba na kituo hakihami. Kisha watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa MIT, Columbia na kampuni ya Groupshot wakaanzisha Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu, wakaandika njia na steji, moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa 2014 ramani ikatoka, njia zaidi ya 130, imechorwa kwa rangi kama ya treni za London. Mwaka uliofuata data zake zikaingia kwenye Google Maps.

Kinachonivutia si ramani, ingawa ni nzuri. Ni kwamba mpangilio wa Portland ulikataa kuwatosha, ukabidi unyooshwe. Matatu haina ratiba, inaondoka ikijaa. Steji inaweza kuitwa Drive-In na sinema yenyewe ilishakufa, au Allsops na kiwanda cha bia hakipo, na bado watu wote wanajua pa kushukia. Wale waliofanya kazi ile hawakuiambia Nairobi ijipange kwanza ndipo iingizwe kwenye kompyuta. Walipanda gari, wakakaa na watu, wakaubadilisha mpangilio. Hiyo nayo ni akili ya programa, na ningependa tuione zaidi kuliko ile ya jamaa anayepiga hesabu ya asilimia 37 ili ajue amwoe nani.

Cha ajabu ni kwamba Christian na Griffiths wanalikaribia jambo hili mwishoni, na ndiyo sababu sijakitupa kitabu chao. Katika hitimisho wanazungumzia wema wa aina fulani: kumpunguzia mwenzako mzigo wa kufikiri. Ukialikwa chakula ukasema "chochote tu, popote tu," unajiona muungwana, kumbe umemtupia mwenzako hesabu yote. Ni wema zaidi kusema, mimi ningependa pale, unaonaje? Nilisoma kurasa hizo mara mbili. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa pili ndani ya mfano wao, naye alikuwa na kichwa kinachochoka kama changu. Kinachonisikitisha ni kwamba wamemweka kwenye hitimisho. Mtu huyo alistahili kuingia sura ya kwanza na kukaa mpaka mwisho.

Nilijaribu ushauri huo kwa mzee. Tangu augue nilikuwa na namna mbili za kuendesha naye. Ya kwanza ni kufuata simu na kumnyamazia. Ya pili, nikijisikia vibaya, ni kumuuliza kila kona, "Mzee, nipitie wapi?" mpaka anachoka, maana kuongea nako kunamgharimu siku hizi, maneno hayaji haraka. Zote mbili zilikuwa njia za kutoshirikiana naye. Moja ilimfanya mzigo, nyingine ilimbebesha.

Jumanne iliyofuata nilizima sauti ya simu. Tulipokaribia ile kona nikasema, "Nafikiri tupitie nyuma, tutokee huko mbele. Unaonaje?" Aliangalia mawingu, akaangalia barabara. Kisha akainua mkono wa kulia, ule unaomtii, akagonga dashibodi mara mbili.

Tulichelewa dakika kumi. Kulikuwa na lori limeharibika mbele, ambalo si simu wala yeye alikuwa amelihesabu. Tukakaa pale tukilitukana pamoja.